Namna ya kupima presha nyumbani kwa siku saba ili namba ziaminike

Mwezi Juni, baridi ya Uyole, Mbeya, inapofikia kiwango cha mtu kuvaa masweta mawili na koti juu yake, shangazi yangu alitoka shambani kuvuna viazi na kupitia katika kituo kimoja cha afya ili apimwe presha. Mkanda wa mashine ulifungwa juu ya sweta, mkono wake ukawa unaning'inia kando ya kiti, na yeye mwenyewe alikuwa bado anahema huku akijibu habari za watoto na za mavuno. Mashine ilisoma 178/104. Alirudi nyumbani akiwa ameshikwa na hofu, na kwa siku mbili hakula vizuri. Tulipompima wenyewe kwa utaratibu ninaoueleza hapa, wastani wake wa siku saba ulikuwa 144/89. Presha alikuwa nayo kweli, na tiba aliihitaji, lakini namba iliyomtisha haikuwa yake.

Pengo hilo si jambo dogo. Mwaka 2002 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha takwimu za watu wapatao milioni moja kutoka katika tafiti 61, nao ulionyesha kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu (ile inayoandikwa kwanza) inapopanda kwa milimita 20 za zebaki, kipimo cha presha, kuanzia 115, hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo huongezeka maradufu, na ya kufa kwa kiharusi huzidi hata hapo. Sasa linganisha na jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2023, ambalo lilibaini kwamba mtu mwenye mkono mnene sana akipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yake ya juu hupandishwa kwa karibu milimita 20 zisizo zake. Yaani mkanda usiofaa peke yake unaweza kuzalisha kosa linalolingana na maradufu ya hatari.

Kwa hiyo anza na mkanda. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa wazi bila nguo. Mikanda mingi ya kawaida inayouzwa pamoja na mashine huandikwa sentimita 22 hadi 32, na mikubwa sentimita 32 hadi 42. Mkono wako ukipita kipimo kilichoandikwa, usikubali kuambiwa kwamba mkanda utatosha ukivutwa. Nunua mkubwa, hata kama itakubidi usubiri uletwe kutoka mjini. Chagua mashine inayofungwa mkono wa juu badala ya ile ya kifundo cha mkono, kwa kuwa ya kifundo huyumbishwa kwa urahisi na namna unavyoushika mkono. Hakikisha pia kwamba betri zina nguvu, kwani mashine inayosuasua kujaza upepo haifai kuaminiwa.

Tuje kwenye nguo, suala ambalo kwetu Nyanda za Juu Kusini lina uzito kuliko pengine. Mkanda haufungwi juu ya sweta wala koti. Vilevile, usikunje mkono wa sweta zito hadi ukabana kama kamba juu ya kiwiko, kwa sababu mbano huo nao hubadilisha kipimo. Vua mkono mmoja kabisa, kisha jifunike shuka au kitenge mabegani, maana baridi yenyewe husinyaza mishipa na kupandisha presha. Ikiwa unaishi Makete, Njombe au Mufindi na asubuhi ni ya ukungu mzito, pima ndani, mahali palipopata joto kidogo, lakini usikae jikoni kwenye moshi wa kuni.

Nusu saa kabla ya kupima, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, usibebe ndoo wala usipande mlima. Najua kwamba kuwaambia watu wa Rungwe na Mbozi wasinywe chai au kahawa asubuhi ni kuwagusa pabaya, ila si lazima waache: wapime kwanza, wanywe baadaye. Nenda haja ndogo kabla ya kukaa, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Wanaotumia dawa za presha wapime asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo.

Kisha kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa chini, miguu bila kupishana. Kigoda cha jikoni hakifai kwa kazi hii. Weka mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Meza ikiwa fupi, unyanyue mkono kwa kuweka mto au blanketi lililokunjwa chini yake. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotoka mwaka 2024, ulipima watu wale wale kwa mikao mitatu, na ukaona kwamba mkono uliolazwa mapajani hupandisha namba ya juu kwa takriban milimita 4, na unaoning'inia hupandisha kwa takriban 6 hadi 7. Kwa mtu aliye mpakani, tofauti hiyo ndiyo inayomwingiza kwenye dawa au kumwacha nje.

Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko, na ubane kiasi cha vidole viwili kuweza kupita chini yake. Tulia kwa dakika tano bila kuzungumza, bila simu, bila redio ya taarifa ya habari. Mgeni akibisha hodi katikati ya kipimo, mtu mwingine amkaribishe. Sehemu hii ya ukimya ndiyo inayovunjwa zaidi katika nyumba zetu, kwa kuwa tumelelewa kumwona mtu anayekaa kimya mbele ya wenzake kuwa ni mwenye kiburi, ila mwombe radhi mgeni baadaye, kwani mazungumzo hupandisha presha.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Andika namba zote, ikiwemo ile isiyokupendeza. Namba za siku ya kwanza ziache, maana siku hiyo mwili huwa na wasiwasi wa kitu kigeni. Zinazobaki ni namba 24, na wastani wake ndio presha yako. Nikiangalia daftari la shangazi, siku ya nne limeandikwa hivi: asubuhi 151/93 na 147/91, jioni 145/89 na 141/87. Ukijumlisha namba za juu unapata 584, ukigawa kwa 4 ni 146. Za chini ni 360, ukigawa kwa 4 ni 90. Tazama jinsi namba ya siku moja inavyotembea kwa milimita 10 bila mtu kuugua wala kupona. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, wala kumwambia kwamba yu mzima.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, unahesabiwa kuwa shinikizo la juu la damu. Zahanati hutumia 140/90, kwa sababu watu wengi hupanda kidogo wanapomwona mhudumu wa afya. Ikiwa wastani wako umezidi, nenda na daftari hata kama hujisikii chochote. Imani kwamba presha hujitangaza kwa kichwa kuuma au moyo kwenda mbio imewaponza wengi, kwani watu wengi wenye presha hawana dalili yoyote hadi moyo, figo au ubongo uwe umeshaumia. Madaktari nao waliwahi kupotea hapa. Rais Roosevelt wa Marekani, ambaye presha yake ilikuwa imepanda kwa miaka, alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa damu kuvuja kwenye ubongo, wakati ambapo wengi waliona kupanda kwa presha kuwa sehemu ya kuzeeka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts, wakiwachunguza kila baada ya miaka miwili, na kutokana na vipimo hivyo vilivyorudiwa kwa uvumilivu ndipo dunia ilipothibitishiwa kwamba presha, sigara na lehemu (kolesteroli) hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi.

Kuna hali ambazo hazisubiri siku saba. Mashine ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika tano, upime tena. Ikibaki hapo na mtu ana maumivu ya kifua, anashindwa kupumua, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea, maneno hayatoki vizuri au macho yameingia kiza, tafuta usafiri wa kwenda hospitali papo hapo. Ikibaki hapo bila dalili, mhudumu wa afya amwone siku hiyo hiyo. Mama mjamzito mwenye 140/90 naye aende kliniki siku hiyo hiyo, na akiwa na kichwa kinachouma sana au kuona maruweruwe, hata saa moja asingoje. Usijiongezee vidonge kwa sababu ya namba moja kubwa, wala usiviache kwa sababu ya wiki nzuri, kwa kuwa mara nyingi wiki hiyo imekuwa nzuri kwa kazi ya vidonge hivyo.

Daftari hilo hilo litakuonyesha faida ya kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hesabu hiyo imo ile ya maharage, ya chipsi za jioni, ya vipande vya viungo vya mchuzi na ya samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ondoa kikopo cha chumvi mezani kwa mwezi mmoja, pima tena siku saba kwa utaratibu ule ule, na kwa saa zile zile, kisha linganisha wastani mbili.

Siku ya kwenda zahanati, beba daftari na mashine yenyewe. Mwombe mhudumu akupime kwa ya kwao mkono ukiwa wazi, kisha pima kwa yako mkono huo huo baada ya dakika moja au mbili, na uandike tofauti kwenye ukurasa wa mwisho. Rudia ulinganisho huo kila mwaka.