Macho ya fundi wa kuchomelea

Kijana akija kujifunza kazi kwangu hapa Light Industries, Kariobangi, hagusi mashine kabla hatujaongea habari ya macho. Wengi hufika na miwani ya jua ya barabarani wakidhani ni kinga. Miwani hiyo haitoshi hata kidogo. Kazi zetu za mageti na madirisha zinataka kofia yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Na anayekushikia chuma avae pia, au afumbe macho na kugeuka, maana mwanga haubagui.

Ukichomwa na mwanga, mchana hutajua. Maumivu huja baada ya saa sita hivi au zaidi, mara nyingi umeshalala: macho yanawasha kama yametiwa mchanga, yanamwaga machozi, hata taa ya simu huivumilii. Hapo ndipo majirani huleta viazi vibichi na maziwa ya mama anayenyonyesha. Washukuru, uvirudishe. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, meza paracetamol, kaa gizani, usisugue. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku moja au mbili. Likizidi hapo, au ukiona ukungu, nenda hospitali. Usimsikilize anayekuuzia dawa ya ganzi ya macho ukae nayo nyumbani: inaficha maumivu huku jicho likichelewa kupona.

Mimi ninachoogopa zaidi ni grainda, ile mashine ya kusaga chuma. Chembe ikiruka jichoni, pepesa kope na umwagie maji safi mengi. Isipotoka, iache. Kila karakana ina bingwa wake wa kutoa chembe kwa kijiti cha kiberiti na pamba. Wa kwetu nilimnyang'anya kijiti. Chembe ya chuma iliyonasa kwenye kioo cha jicho huota kutu mle ndani, na kijiti huongeza kidonda na kuingiza uchafu. Daktari atatia ganzi, aangalie kwa darubini, aitoe pamoja na kutu.

Kuna ile nyingine inayodanganya: umegonga patasi kwa nyundo, kipande kimeruka kwa kasi, uchungu ni mdogo. Huenda kimetoboa na kuingia ndani. Hapo usioshe wala usibonyeze. Funika jicho kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, kimbia Kenyatta au hospitali ya macho ya Lions kule Loresho. Mwambie daktari wazi kwamba ni chuma, kwa sababu mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku kali na inaweza kukisogeza.

Maji ya betri je? Osha papo hapo, mfululizo, nusu saa nzima, kope zikiwa wazi, ndipo utafute gari.

Jicho likiwa jekundu, usiazime dawa ya mwenzako. Baadhi ya hizo chupa za kemisti zina steroidi kama deksamethasoni. Zinatuliza wekundu haraka, lakini ukizitumia ovyo zinaleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Chupa yako mwenyewe ukishaifungua, itupe baada ya wiki nne.

Wazee wenzangu, mkianza kusogeza tepu mbali ndipo muone milimita, ni umri wa arobaini huo, mnahitaji miwani ya kusomea. Mkienda kupimwa, ombeni wapime na presha ya macho, maana hiyo hula uwezo wa kuona pembezoni kwanza, bila uchungu wowote.