Toa kutu, chuma kibaki: somo la ndoo, magadi na chaja ya betri

Assalaam alaykum. Wengi mmeniuliza nilivyoifufua ile mashine ya kukerezea, Myford ML7 ya Uingereza, iliyokuwa imelala bandani nyuma ya ghala la karafuu hapa Wete. Somo la leo ni sehemu moja tu ya kazi ile, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: kutoa kutu bila ya kutoa chuma.

Kwetu visiwani mtu akiona kutu mkono unakimbilia grainda. Kwa geti la nyumba haina neno. Kwa mashine ni kuiua. ML7 zilianza kuuzwa 1946, na njia ambazo gari la kisu linateleza juu yake zilinyooshwa kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Grainda ikipita mara moja inakula zaidi ya hapo, tena haili sawasawa. Umeme kwenye maji ya magadi unafanya kazi nyengine: kutu nyekundu inageuka nyeusi na kulainika, inaachia, na chuma kizima kilicho chini yake hakiguswi.

Hatua ya 1: Fungua na safisha. Piga picha kabla ya kufungua nati yoyote. Meno ya chaki, yaani kichwa cha mashine kinachoshika kipande kinachozungushwa, yamepigwa namba 1, 2 na 3, na kila moja lina mlango wake, usiyachanganye. Osha grisi yote kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga na maji ya moto, maana penye mafuta umeme haupiti. Weka kando plastiki, shaba, na khasa alumini na vipande vya aloi ya zinki, kwa kuwa magadi yanavila. Springi na vyuma vilivyotiwa moto vikawa vigumu sana navyo visiingie ndooni. Vinaweza kupasuka baadaye.

Hatua ya 2: Maji. Ndoo ya plastiki ya lita 20, vijiko vitano vya chakula vya magadi meupe, yaliyo safi kadiri utakavyopata. Koroga mpaka yayeyuke yote. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia.

Hatua ya 3: Nondo. Kata vipande vinne vya nondo, visimamishe kuizunguka ndoo kwa ndani, viunganishe kwa waya mmoja. Kutu hutoka vizuri upande unaotazamana na nondo, ndiyo maana tunazungusha. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kile kina kromiamu, na umeme ukipita maji yanageuka sumu. Mabati nayo hapana.

Hatua ya 4: Umeme. Ning'iniza kipande chako katikati kwa waya, kisiguse nondo hata moja. Hasi ya chaja inakwenda kwenye kipande chenye kutu. Chanya inakwenda kwenye nondo. Hebu soma tena sentensi hizo mbili kabla ya kuwasha, maana ukigeuza, kitakacholiwa ni kipande chako. Chaja ya volti 12 yenye ampea 2 hadi 5 inatosha.

Utaona mapovu madogo madogo yakipanda kutoka kwenye chuma. Ile ni haidrojeni, inawaka. Fanya kazi nje, sigara na jiko mbali, na zima chaja ukutani kwanza kabla ya kugusa vibanio, usije ukarusha cheche juu ya ndoo.

Iache masaa 8 hadi 24. Haila zaidi ya kutu iliyopo, kwa hiyo usiwe na pupa.

Hatua ya 5: Nusu saa ya kutoka majini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Jiriwa yangu ya kwanza niliitoa wakati wa masika, nikaisugua kwa burashi ya waya ule weusi ukaondoka, chuma kikabaki kijivu kama manyoya ya kanga. Nikaiweka juu ya gogo, nikaenda kuswali Adhuhuri. Niliporudi ilikuwa imeshatanda rangi ya chungwa, kila pembe. Chuma kilichotoka majini hakina nguo, na hewa yetu ina chumvi.

Sasa nafanya hivi. Birika la maji linachemka kabla sijazima chaja. Nasugua, nasuuza, namimina maji yanayochemka juu ya kipande mpaka kiwe moto wa kutoshikika kwa mkono mtupu. Moto ule wenyewe unakausha mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Nafuta kwa kitambaa, na kingali moto napaka oili. Kitakachokaa bila kutumiwa nakipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na oili, sehemu moja kwa tatu. Yeyusha kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke juu ya moto wenyewe. Mafundi wa majahazi wanalijua jambo hili zamani: mbao wanazipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji chokaa na shahamu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mkoani:* Fundi, chaja yangu ni hizi mpya, nikiunga inawaka taa nyekundu tu, haitoi kitu.

Hiyo inatafuta betri kwanza ndugu yangu. Iunge kwenye betri ya volti 12, kisha toa waya kutoka kwenye betri kwenda ndooni. Betri ikae mbali na ndoo.

*Kutoka Micheweni:* Umeme ukikatika usiku na kipande kimo majini?

Usihangaike. Maji ya magadi yenyewe yanazuia kutu kwa masaa kadhaa. Ukirudi, endelea.

*Kutoka Unguja:* Bibi yangu anasafishia shaba kwa ukwaju. Kwa nini nisitumie ukwaju au siki, niokoe umeme?

Shikamoo zangu kwa bibi, kwa shaba yuko sahihi. Kwenye chuma, ukali ule unakula kutu na chuma pamoja, na ukibaki kwenye vitundu kutu inarudi mbio. Kwa geti, sawa. Kwa njia za mashine, hapana.

*Kutoka Chake Chake:* Naweza kupaka mafuta ya kupikia?

Mengi yao yanaganda yakawa kama gundi, na gari la kisu litakwama. Tafuta oili ya haidroliki namba 68.

*Kutoka Wete:* Kitanda cha mashine hakiingii ndooni. Na vishimo vya kutu nivisage?

Kitanda kipake mafuta ya taa, kisha kwangua kwa wembe ulioulaza, taratibu. Vishimo viache, vitashika oili. Pitisha kucha juu yake: penye ukingo uliosimama, sugua kwa jiwe la kunolea lililopakwa oili mpaka kucha isikwame tena, uishie hapo.