Somo: Kuongoza na Kutunga Dansi katika Tamthilia ya Muziki

Kwenye majukwaa ya Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za tamthilia jijini New York, kuongoza waigizaji na kutunga dansi zilikuwa kwa kawaida kazi za watu wawili. Mwaka 1943 Agnes de Mille alitunga dansi za tamthilia ya muziki Oklahoma! huku Rouben Mamoulian akiongoza, na katika dansi ndefu ya ndoto watazamaji waliiona hofu ambayo msichana Laurey hakuweza kuitamka. Mwaka 1957 Jerome Robbins alizishika kazi zote mbili katika West Side Story, akisaidiwa na Peter Gennaro kwa upande wa dansi. Somo hili ni la anayetaka kufuata njia hiyo ya Robbins, na msimamo wangu ni kwamba dansi isiyosogeza hadithi iondolewe, hata iwe nzuri kiasi gani.

Hatua ya kwanza: cheza katika maonyesho ya wengine. Robbins, pamoja na Bob Fosse na Michael Bennett, ambao nao walikuja kuongoza na kutunga dansi, wote walianza kama wachezaji. Tafuta hasa nafasi ya msimamizi wa dansi, yule mchezaji anayezihifadhi hatua zote baada ya onyesho kufunguliwa, akawafundisha wachezaji wa akiba na kurekebisha miondoko iliyoanza kulegea.

Hatua ya pili: jifunze kusoma noti. Wachezaji huhesabu kwa nane, ilhali wanamuziki hufuata mapigo yaliyoandikwa, nawe ndiwe utakayewaunganisha. Aidha, mtunzi wa nyimbo mara nyingi hukabidhi wimbo peke yake. Muziki wa dansi unaourefusha huandaliwa na mpangaji muziki akiwa kwenye piano chumbani mwa mazoezi, akifuata yale unayoyajaribu na wachezaji.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi. Kabla ya kutunga hata hatua moja, andika kwa kila wimbo ni nani anaingia akitaka nini, na anatoka akiwa amebadilika vipi. Kwa West Side Story, Robbins aliomba mazoezi ya wiki nane wakati wiki nne zilikuwa kawaida, akawatenganisha waigizaji wa makundi mawili hasimu ya vijana katika hadithi hiyo, ili wanapokutana kwenye ukumbi wa dansi ugomvi uwe umekwisha kuingia miilini mwao kabla ya kisu chochote kuonekana. Jifunze kwake maandalizi hayo, lakini usiuige ukali aliojulikana nao, kwa kuwa mchezaji anayemwogopa mwongozaji huficha maumivu ya goti mpaka goti linaharibika.

Hatua ya nne: katika mazoezi ya taa na mitambo, kaa kwenye viti vya watazamaji, tena vya pembeni na vya nyuma, na uwe tayari kupunguza dansi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo, Mwalimu. Mimi nimesomea ngoma za asili Bagamoyo na sikuwahi kusoma baleti. Je, nina nafasi?*

Marahaba. Unayo. Garth Fagan, mzaliwa wa Jamaika, alichanganya dansi za Kiafrika na za Karibiani, dansi ya kisasa na baleti alipotunga dansi za The Lion King ya mwaka 1997, na mwaka uliofuata akapata Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway. Unachopaswa kuongeza ni namna ya kuufungua mduara: ngoma nyingi huchezwa wachezaji wakitazamana au wakiwaelekea wapigaji, ilhali jukwaani watazamaji wako upande mmoja, na uso wa mhusika lazima uonekane pale hadithi inapogeuka.

*Mtu mmoja akishika kazi zote mbili, nani atamkosoa?*

Msaidizi wake, naye achaguliwe kwa ujasiri wa kusema. Katika A Chorus Line ya mwaka 1975, Bennett aliongoza, lakini dansi alizitunga pamoja na Bob Avian. Usimuulize msaidizi wako kama dansi imependeza. Mwombe akusimulie alichokielewa, na asipoweza, tunga upya.