Nyumba imepigwa rangi mpya Marekani, usikimbilie kusaini

Ukifungua simu kutafuta nyumba za Columbus, Ohio, utadhani fundi ni mmoja. Kuta nyeupe, kabati za kijivu, kaunta zinameremeta, sakafu ya plastiki iliyochorwa kama mbao, na taa tatu zinaning'inia juu ya kaunta. Hizo ndo nyumba za flipu. Mtu ananunua nyumba iliyochoka, anaikarabati miezi michache, anakuuzia wewe uliyetoka Dar na familia na umeshachoka kulipa kodi ya apatimenti. Siyo wote matapeli, wapo wanaofanya kazi nzuri kabisa, ila pesa yake ataiweka kwanza pale unapopaangalia, na mabomba hakuna anayeyapiga picha. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi tulikiona kidonda chenyewe siku ya Idi, nitafika huko.

La kwanza, kama bado uko nyumbani Bongo unaangalia nyumba kwa video, acha. Njoo upange kwanza hata mwaka, ujue mitaa, ujue shule (huku mtoto anasoma shule ya eneo anapoishi kwahiyo mpaka wa wilaya ya shule unapandisha au kushusha bei), alafu ujenge kredit maana bila historia ya kredit benki haikujui hata ungekuwa na viwanja vitano Kigamboni. Mkopo wa FHA (benki inakukopesha, serikali ya Marekani inauwekea bima) unakubali kianzio cha asilimia 3.5 ukiwa na skoo ya kredit ya 580 kwenda juu, lakini tangu Mei 2025 ukiwa na viza ya kazi tu huupati, green card inaruhusiwa. Wasiotaka riba zipo kampuni zinazonunua nyumba kwa ubia na wewe, waulize watu wa msikitini watakuelekeza.

Na hapa wengi wetu tunakwama, hela ya mchezo. Umepokea zamu yako ya upatu dola 6,000 keshi, unaiingiza benki kwa furaha, mkopeshaji anaangalia stetimenti za miezi 2 anauliza hii imetoka wapi? Jaribu kumweleza mzungu upatu. Iweke benki mapema, ikae, na kama mjomba amekuchangia aandike barua kwamba ni zawadi haidai.

Sasa nyumba yenyewe. Kabla hata ya kwenda kuiona ingia tovuti ya kaunti, kwa Columbus ni ya Franklin County Auditor, andika anwani, utaona nani aliinunua lini na kwa shilingi ngapi, yaani dola. Ni bure. Ukiona aliinunua miezi 4 iliyopita na sasa anataka mara mbili, jiulize ndani ya miezi 4 kafanya nini hasa. FHA wenyewe wanashtuka, muuzaji akiwa hajafikisha siku 90 tangu anunue hawakubali kabisa, na kati ya siku 91 na 180 bei ikiwa imeruka asilimia 100 au zaidi wanataka mthamini wa pili.

Alafu vibali. Ukuta wa jiko umetolewa, bafu limeongezwa besimenti (chumba cha chini ya nyumba), umeme umevutwa upya, vyote hivyo vinahitaji kibali cha jiji na mkaguzi wa jiji kuja kuona na kukifunga. Piga simu ofisi ya ujenzi uwatajie anwani. Muuzaji anasema umeme wote mpya na jiji halina karatasi hata moja? Huo umeme kafunga nani? Usione aibu kuuliza, sisi tumezoea kumheshimu mwenye nyumba hadi tunanyamaza, huku wanauliza mpaka umri wa paa.

Ukienda kuiona usigonge ukuta ukashangaa kwamba ni tupu, nyumba za huku ni mbao na jipsam, ndivyo zilivyo, mama mkwe wangu aligonga akasema mmeuziwa boksi. Angalia vingine. Besimenti ikiwa imepakwa rangi jana na dihiumidifaya (mashine ya kunyonya unyevu) inanguruma pembeni, huenda kuna maji yanayofichwa. Fungua boksi la umeme, ukiona jina Federal Pacific omba libadilishwe, breka zake zinajulikana kwa kugoma kukata. Nunua kitesta cha soketi, bei yake ni ya sahani ya pilau, maana kuna mafundi wanaweka soketi mpya ya matundu matatu wakati ndani hakuna waya wa ethi. Soma tarehe kwenye furnesi (mtambo wa kupasha nyumba joto) na kwenye tangi la maji moto, lebo ipo pale pale. Na washa feni ya juu ya jiko uweke mkono: flipu nyingi wanafunga maikrowevu inayonyonya hewa na kuirudisha humo humo, sasa wewe unayekaanga samaki na sambusa Ramadhani nzima utanuka mpaka kazini.

Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978 kuna suala la rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sheria inamtaka muuzaji akwambie kwa maandishi anachokijua, akupe kijitabu, na una siku 10 za kupima ukitaka. Kama una mtoto anayetambaa pima, maana wakati wa ukarabati wamekwangua na vumbi limekwenda kila mahali. Pima radoni pia, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, Ohio ipo nyingi, kipimo kikifika 4 pCi/L (ndivyo inavyoandikwa kwenye majibu) inashauriwa kufunga bomba la kuitoa nje.

Inspekta, yaani mkaguzi wa nyumba, tafuta mwenyewe, usichukue wa dalali. Uwe naye anapokagua, panda naye, shuka naye. Na LIPIA KAMERA YA BOMBA LA MAJI TAKA. Sisi tuliona dola mia mbili na kitu ni nyingi, nyumba ya 1956, bafu jipya linang'aa, tukasema tunajibania. Mwezi wa pili tangu tuhamie, Idi, wageni ishirini, choo kikaflashiwa juu maji yakatokea chini besimenti, mabaya, watoto wanacheza pale. Bomba lilikuwa la udongo wa zamani na mizizi ya mti imejaa ndani, dola 9,000. Muuzaji hakupokea simu tena.

Ripoti ikija ina kurasa 50 usiogope, chagua vitu vikubwa vitano, paa, msingi, umeme, bomba, furnesi, muuzaji atengeneze au apunguze bei. Mkataba wako uwe na kipengele cha kukuruhusu kutoka baada ya ukaguzi na kurudishiwa amana, watu wanakiondoa ili washinde ofa, mimi kwa flipu sikiondoi hata iweje.

Weka pia akiba ya gharama za kufunga mauzo, asilimia 2 hadi 5 ya mkopo, na kodi ya nyumba usiihesabu kwa bili ya zamani wakati nyumba ilikuwa gofu. Ohio wanathamini upya kila miaka 6, katikati kwenye mwaka wa 3 wanarekebisha. Ikija imeili ya kubadilisha akaunti ya kutuma hela, usitume, piga namba uliyopewa mwanzoni uwaulize, hela za watu zimepotea hapo.

Siku moja kabla ya kusaini rudi ndani, fungua bomba zote kwa pamoja, flashi vyoo vyote, shuka chini ukae dakika kumi usikilize. Ukishapewa funguo badilisha vitasa siku hiyo hiyo, maana hujui mafundi wangapi wana nakala.