Somo: Kugeuza kompyuta ya ofisi kuwa mashine ya gemu bila kuuza ng'ombe

Kadi yangu ya kwanza ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, haikuingia. Nilikuwa nimeishika mkononi, mbele yangu kasha jembamba la ofisi nililolinunua hapa Kisumu, na ule mwanya wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko kimo cha kadi. Muuzaji alikuwa ameniapia kuwa "hiyo itaingia tu". Ndiyo maana katika somo hili kadi inanunuliwa mwisho. Anayeanza na kadi hununua mara mbili.

Hatua ya 1: Kasha

Tafuta Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1. Ni zile mashine za ex-UK zilizokaa miaka kwenye dawati la karani bila kuona gemu zaidi ya karata. Modeli moja huja kwa maumbo kadhaa: mnara, kasha jembamba, na kile kidogo kinachotoshana na kitabu. Sema unataka mnara. Ukiona herufi SFF (kasha jembamba) au USFF (kile kidogo) kwenye kibandiko, shukuru, endelea na safari.

Prosesa ya i5-4590 ina viini vinne na inatosha kuanzia. Ukipata i7-4770 kwa nyongeza ndogo, chukua, kwa sababu viini vyake vinne huendesha nyuzi nane, yaani kazi nane kwa mpigo, na gemu za siku hizi huzitumia.

Usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Kwenye Dell, gonga F2 inapowaka uingie BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, usome prosesa na RAM kwa macho yako, maana kibandiko cha nje hakina kiapo. BIOS ikidai nenosiri, iache hapo hapo. Nenosiri hilo liliwekwa na fundi wa ofisi fulani huko Uingereza na hutampata umuulize.

Hatua ya 2: Saplai ya umeme

Hapa ndipo pesa za wengi huungua. Saplai ya mnara wa 9020 ni ya wati 290, na haina ule waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi yako itakula kupitia nafasi yake kwenye madabodi peke yake, na nafasi hiyo kwa kanuni hutoa wati 75 basi. Hiyo 75 ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Kadi zinazokaa ndani ya mpaka huo ni kama GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za kumbukumbu ya GB 4. Angalia ukingo wa juu wa kadi yenyewe: ukiona tundu la pini 6, si yako. GTX 1650 nyingine zimeongezewa tundu hilo na kiwanda, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Mimi nilichukua 1650 ya feni moja, na bado ilikula pesa nyingi kuliko kasha zima.

Hatua ya 3: Fungua, safisha

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, kisha fungua kava. Ndani ya yangu palikuwa na vumbi lililoshikana kama blanketi, na kwenye mapezi ya kipoza joto wamejaa vijidudu vya ziwani, vile vinavyozunguka taa usiku, wamekauka kama majani ya chai. Tumia brashi laini ya rangi. Zuia feni kwa kidole usiizungushe ovyo. Toa kipoza joto, pangusa ile grisi kuukuu iliyogeuka chaki, weka tone mpya la ukubwa wa punje ya dengu, rudisha.

Ukiwa humo ndani, badilisha na betri ya saa, CR2032, ile ile ya mizani na rimoti. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka na tovuti nyingi hukataa kufunguka.

Hatua ya 4: RAM na SSD

Vijiti viwili vya GB 8 vya DDR3, aina ya RAM ya mashine hizi, ni bora kuliko kimoja, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba. SSD ya SATA, ile diski ya kasi inayochomekwa kwa waya, ifungwe popote isipocheza.

Hatua ya 5: Kadi

Tumia ile nafasi ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa. Sukuma mpaka usikie "ta!", funga skrubu, kisha chomeka waya wa skrini kwenye kadi, wala si kwenye tundu la zamani la madabodi. Usicheke, fundi mzima aliniita niende Nyalenda usiku kwa kosa hilo.

Dell ikikulalamikia kuwa kava ilifunguliwa, bonyeza F1 uendelee, halafu ufute onyo hilo ndani ya BIOS.

Draiva za kadi zipakue kwa Nvidia wenyewe. Kwangu GTA V na eFootball zinateleza vizuri kwenye skrini ya 1080p.

Maswali ya wanachama, kwa mahali wanakotoka

*Kondele: Omera, mimi tayari niko na kasha jembamba. Nitupe?*

Usitupe, omera. Kuna GTX 1650 za kimo kifupi, ila pima unene kwanza, kwani nyingi hukalia nafasi mbili. Ukiangukia GT 1030, hakikisha ni ya kumbukumbu ya GDDR5. Ipo nyingine ya DDR4 yenye jina hilo hilo, na ni kobe.

*Kakamega: Huku radi ni kila jioni. Stabilaiza itanisaidia?*

Kwa stima inayopanda na kushuka, ndiyo. Kwa radi, hapana. Mawingu yakikusanyika chomoa waya ukutani, na ule wa intaneti pia. Watu huusahau huo.

*Nakuru: Kijana wangu anasema bila Valorant mashine hiyo ni bure. Ni kweli?*

Mama, nguvu inazo, kikwazo ni ulinzi wa gemu. Kwenye Windows 11, Valorant hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka), na prosesa hizi za kizazi cha 4 hazimo katika orodha ya Windows 11. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, Valorant haichezi kabisa. Kama kijana hawezi kuiacha, ongeza pesa mtafute OptiPlex 7060 yenye i5-8500. Hiyo hutumia RAM ya DDR4, kwa hiyo msinunue DDR3 mkitumaini kuihamisha.

*Bungoma: Binamu amenipa kadi inayotaka pini 6. Nikiweka saplai kubwa je?*

Plagi kuu ya saplai ya 9020 ina pini 8, si zile 24 za kawaida, kwa hiyo utahitaji kigeuzi. EliteDesk 800 G1 nayo ina yake ya pini 6. OptiPlex 7010 ya mnara ndiyo hupokea saplai ya kawaida bila ugomvi. Ila usikubali kile kiwaya cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, iwe pini 6. Ninacho kimoja hapa mezani, plastiki imeyeyuka ikawa rangi ya sukari guru, na kilidumu mechi mbili.