Kumwanzishia Mtoto Chakula: Kuanzia Kijiko cha Kwanza hadi Kulikiza

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa ile inayoilisha Tanzania mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta mikoa hiyo mitatu ikitangulia kwa udumavu wa watoto. Mkoani Iringa takribani watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 30 katika kila 100. Sababu ni nyingi, yakiwemo maradhi ya mara kwa mara na kazi za shambani zinazomtenga mama na mwanawe kutwa nzima, lakini mojawapo imo ndani ya kikombe. Mtoto wa miezi 8 anaweza kupewa uji mara nne kwa siku, akashiba, akalala, na bado akadumaa, kwa sababu kilichomshibisha ni maji yenye unga kidogo. Tumbo lake hubeba takribani mililita 200 kwa mlo mmoja, yaani pungufu ya kikombe cha chai. Kwa hiyo kila kijiko kinachoingia humo hakina budi kuwa kimebeba kitu.

Miezi 6 ya mwanzo na dalili za utayari

Kwa siku 180 za kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila chai na bila uji, isipokuwa dawa alizoandikiwa na mtaalamu wa afya. Ushauri huo wa Shirika la Afya Duniani unamhusu pia mama anayeishi na virusi vya ukimwi, maadamu anatumia dawa zake za kufubaza virusi bila kukosa. Shinikizo huja mwezi wa tatu au wa nne, pale mtoto anapolia jioni na bibi yake akasema, kwa mapenzi yote, kwamba maziwa hayamtoshi mjukuu wake. Jibu la heshima ni kumwonyesha bibi kadi ya kliniki: ikiwa mstari wa uzito unapanda na mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, maziwa yanatosha. Uji wa mapema humpunguzia mtoto hamu ya kunyonya, matiti nayo hupunguza kutengeneza maziwa, na hapo ndipo maneno ya bibi yanapogeuka kuwa kweli.

Kuchelewa nako kuna madhara. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huwa imepungua sana afikapo miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Mwili wenyewe huonyesha kwamba wakati umefika: shingo imekaza, mtoto anakaa akiegemezwa, anapeleka mdomoni kila anachoshika, anaufuata kwa macho mkono wa anayekula, na ulimi wake hausukumi tena nje kile kinachowekwa juu yake. Aliyezaliwa njiti apangiwe siku ya kuanza na wahudumu wa kliniki.

Uji unaokaa kwenye kijiko

Kipimo cha uji wa mtoto hakihitaji mizani. Chota na uinamishe kijiko: uji ukimwagika kama chai ni mwepesi mno, ukikaa na kuteleza polepole unafaa. Kosa la kuufanya mwepesi linaeleweka, maana unga wa nafaka hufura unapopikwa na mama huongeza maji ili mtoto aweze kumeza. Lakini maji hayo huchukua nafasi ya chakula tumboni.

Dawa ya tatizo hilo ni kimea. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walikifanyia kazi katika miaka ya 1980, ingawa wapika pombe za kienyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Loweka ulezi usiku kucha, uuchuje, uutandaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika kwa siku 2 au 3 hadi uchipue, kisha uuanike ukauke kabisa, uusugue kuondoa mizizi na kuusaga. Pika uji mzito kupita kiasi ambacho mtoto angeweza kumeza, uuepue upoe kidogo, halafu ukoroge humo kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe. Baada ya dakika chache uji uliokuwa kama ugali laini utalegea bila kuongezewa hata tone la maji, kwa sababu kimea hukatakata wanga uliokuwa umefura. Kikitiwa kwenye uji unaochemka nguvu hiyo hupotea, ndiyo maana uji hupozwa kwanza. Kikishafanya kazi, urudishe jikoni uchemke tena ili vijidudu vife.

Jambo la pili ni kile kinachochanganywa. Unga wa lishe unaouzwa sokoni mara nyingi ni mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele vilivyosagwa pamoja, na muuzaji huusifu kwa wingi wa aina zake. Sina ugomvi na muuzaji, lakini nafaka sita ni nafaka tu. Zote ni za kundi moja, na mtoto hunufaika zaidi pale nafaka moja inapoongezewa kitu cha kundi lingine. Soya ikisagwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini, kwa hiyo ni lazima iive kwanza. Karanga huufanya unga uchache upesi, na zikiwa na ukungu hubeba sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu 20 walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Chambua karanga punje kwa punje, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha uzikaange na kuzisaga za kutosha siku chache tu, na kuongeza kijiko uji unapokaribia kuiva.

Dagaa ni hazina ambayo familia nyingi huipika kwa ajili ya wakubwa peke yao. Waondoe vichwa na mchanga, uwaoshe, uwakaushe kwenye kikaango, uwatwange na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha unga huo hubadilisha kabisa thamani ya uji. Yai hupewa lote, kiini na ute, likiwa limeiva vizuri. Zipo familia zinazomnyima mtoto yai kwa hofu kwamba atachelewa kusema, lakini hofu hiyo haina msingi. Maini humpa mtoto chuma na vitamini A kwa wingi kiasi kwamba kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Maharage, kunde au choroko zichemshwe hadi zilainike na kupondwa, kisha mtoto apewe papai, embe au chungwa katika mlo huohuo, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo. Chai hufanya kinyume chake, hata ikiwa ya maziwa, na haina nafasi katika chakula cha mtoto. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyozalisha sumu ya kupoozesha ndani ya utumbo wake mchanga. Sukari na chumvi hazihitaji. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia au parachichi lililopondwa humfaa zaidi.

Wala si lazima kiwe uji. Mtori wa Kilimanjaro uliopondwa pamoja na nyama yake, viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, au wali laini wa pwani uliochanganywa na samaki asiye na miiba ni vyakula kamili vya mtoto.

Kiasi na namna ya kulisha

Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, baada ya kumnyonyesha, na kila chakula kipya ukipe siku chache kabla ya kuongeza kingine. Kufikia miezi 8 mtoto awe anakula mara 2 hadi 3 kwa siku, kila mlo ukifika nusu ya kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi 9 na 11 milo iwe 3 hadi 4, na baada ya mwaka mmoja kiasi kifike robo tatu ya kikombe au kikombe kizima, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili kama ndizi mbivu. Maziwa ya mama huendelea wakati wote huo: kabla ya mwaka mmoja bado yanampa karibu nusu ya nguvu anayohitaji, na katika mwaka wa pili theluthi.

Mtoto apakuliwe kwenye bakuli lake, kwa sababu anayekula sinia moja na kaka zake wenye mikono mepesi hushiba kelele tu, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Kaa naye uso kwa uso, umsemeshe, usubiri ameze. Kumlaza chali na kumbana pua ili ameze ni hatari, maana chakula huweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hata akiokoka humfundisha kuogopa kijiko. Tumia kikombe na kijiko badala ya chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kusafisha. Uji wa asubuhi unaotunzwa hadi jioni kwenye chupa ya chai huonekana salama kwa kuwa bado una joto, kumbe vuguvugu ndilo vijidudu hulipenda. Kilichokaa zaidi ya saa 2 bila jokofu asipewe.

Mwili unapojifunza

Chakula na viungo huenda pamoja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofuatilia watoto wenye afya njema huko Accra, Delhi, Muscat, Oslo na Davis nchini Marekani, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2006, ulionyesha jinsi tofauti za kawaida zilivyo pana. Kukaa kitako bila kuegemezwa kulianza kati ya miezi 4 na 9, kusimama bila kushikwa kati ya miezi 7 na 17, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na karibu 18. Watoto 4 hivi katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, bali waliruka hatua hiyo. Kwa hiyo mtoto wa jirani aliyesimama dede na miezi 9 si kipimo cha wako. Mpeleke kituo cha afya ikiwa hajakaa mwenyewe akifika miezi 9, hajatembea akifika miezi 18, au amepoteza jambo aliloliweza, na usisubiri hata siku moja katika hilo la mwisho.

Karibu na miezi 9 mtoto huanza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Huo ndio wakati wa kumwekea vipande laini vya kiazi, papai au boga ajilishe, hata akijipaka usoni. Vyakula vyenye mabonge laini visichelewe kupita miezi 10, kwani aliyezoea vilivyosagwa tu huweza kukataa kutafuna baadaye. Karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima na karoti mbichi vikae mbali naye. Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akinyamaza ghafla na kushindwa kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega, kisha umgeuze na kumbonyeza kwa vidole 2 katikati ya kifua mara 5, ukirudia hadi kitoke, huku mwenzako akitafuta msaada. Kidole kisiingizwe mdomoni kutafuta usichokiona.

Kuhara na meno ya plastiki

Chakula kipya, kutambaa na kuota meno huja kwa wakati mmoja, na kuhara hufuata kwa sababu mikono na vyombo ni vichafu. Hapo ndipo wengine husema kwamba mtoto ana meno ya plastiki na kumpeleka kwa mtu wa kuyang'oa. Kinachong'olewa ni meno halisi ya utotoni ambayo bado hayajachomoza, na watoto wamepoteza damu, wameambukizwa pepopunda na wengine wamekufa. Tiba ya kuhara ni maji yenye chumvichumvi ya ORS, vidonge vya zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 kwa aliyezidi miezi 6, na kuendelea kunyonya na kula. Akishapona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2. Damu kwenye choo, macho kubonyea, kutapika kila kitu au kulegea ni safari ya hospitali mara moja.

Kliniki isiachwe kwa sababu tu mtoto ameanza kula: matone ya vitamini A hutolewa kuanzia miezi 6, na chanjo ya surua na rubella miezi 9 na 18.

Kulikiza

Kunyonya kunashauriwa hadi miaka 2 au zaidi, na ukifika wakati wa kumlikiza mtoto, fanya hivyo kwa wiki kadhaa. Desturi ya kupaka shubiri au pilipili kwenye chuchu, au kumpeleka ghafla kwa bibi, humnyang'anya mtoto chakula na faraja kwa siku moja, na mama hubaki na matiti yaliyovimba. Ondoa kwanza nyonyo la mchana ambalo mtoto halitilii maanani sana, uweke kitafunwa mahali pake, na baada ya siku kadhaa uondoe lingine. La usiku liwe la mwisho, naye baba ndiye amtulize mtoto usiku huo, kwa kuwa mtoto akisikia harufu ya maziwa kwa mama atayadai. Mtoto akiugua katikati ya kazi hii, mrudishie ziwa, kisha uanze upya akipona.