Daktari akikuandikia kuotesha mkojo: namna ya kuleta sampuli isiyodanganya

Nafanya kazi maabara ya mikrobaiolojia hapa Kigoma mjini, kile chumba cha nyuma ambacho wagonjwa hawakioni. Mikojo, damu, usaha, makohozi na choo vinatufikia kutoka Mwanga, Ujiji na Gungu, na kwa watu wanaoshuka na boti pale Kibirizi wakitoka vijiji vya ukanda wa ziwa. Maneno yanayoniuma kuliko yote kuyaandika ni "Sampuli haifai, lete nyingine", kwa sababu aliyeileta huenda alikopa nauli. Naandika ili asikope tena.

Kwanza tutenganishe vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipimo cha mkojo cha haraka, cha kijiti na hadubini, kinaonyesha dalili tu, kwa mfano chembe za usaha. Hakikuambii mdudu ni yupi wala dawa gani itamuua. Kuotesha ndiko kunakokuambia. Tunatandaza mkojo kidogo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, tunaiweka kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 35 hadi 37 usiku kucha, kesho yake tunaangalia kilichoota. Kikiota tunakitambua, kisha tunakijaribu na dawa, na hapo usiku mwingine unapita. Ndiyo maana ukiambiwa "njoo kesho kutwa" hujazungushwa. Bakteria hawaharakishwi.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote: leta sampuli kabla ya kumeza antibayotiki. Najua inavyokuwa. Mtu ameumwa kiuno, mkojo unachoma, jirani kamwambia "hiyo ni UTI", akapita duka la dawa akanunua sipro (siprofloksasini, antibayotiki) za siku mbili, zilipoisha na maumivu yakarudi ndipo akaja hospitali. Dawa hiyo haijamponya, lakini imewadhoofisha bakteria kiasi kwamba kwenye sahani yangu hawaoti. Natoa jibu la "hakuna kilichoota" na mgonjwa bado anaumwa. Kama umeshameza, usifiche. Taja jina la dawa, siku uliyoanza na mara ya mwisho kuimeza, na hakikisha vimeandikwa kwenye fomu. Hatutakugombeza, tunataka kujua jinsi ya kulisoma jibu lako. Na kama daktari ndiye aliyekuanzishia dawa, usiiache kwa sababu ya kipimo bila kumuuliza.

Sasa mkojo wenyewe. Chukua kopo la maabara, lile lililofungwa, na usilifungue mpaka uko tayari. Chupa ya maji ya dukani au ya juisi, hata uioshe vipi, haifai. Nawa mikono. Mama, jioshe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma; ukitumia sabuni, isuuze yote iishe, na dawa za kuua vijidudu usizitumie kabisa. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole vya mkono mmoja na uyaache hivyo hivyo hadi umalize. Baba, kama hujatahiriwa, vuta ngozi nyuma kwanza na uoshe. Anza kukojoa chooni. Mkojo wa mwanzo unasafisha njia, acha uende. Ukiwa katikati, bila kukata, pitisha kopo kwenye mkondo na ukinge hadi nusu, kisha malizia chooni. Kopo lisiguse ngozi, kidole kisiingie ndani, mfuniko usiwekwe kifudifudi sakafuni. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora, kwa sababu umekaa kwenye kibofu usiku mzima.

Mtoto mchanga ana kazi zaidi. Mwoshe, mnyonyeshe, mshike wima huku mwenzako anasubiri na kopo. Inachukua muda, na mama wengi hukata tamaa wakaja na mkojo uliokamuliwa kwenye nepi. Tafadhali, huo usiulete. Mwite muuguzi akusaidie.

Muda ndio unaoharibu sampuli nyingi hapa kwetu. Mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili. Ikishindikana, ukae kwenye friji, nyuzi 4 hivi, usizidi saa 24. Bakteria aina ya *E. coli*, ambaye ndiye tunayemkuta zaidi kwenye mkojo, katika mazingira yanayomfaa hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja baada ya saa tatu amekuwa 512. Sasa fikiria kopo lililosafiri juani ndani ya boti, kisha kwenye mfuko wa bodaboda. Mimi nahesabu makoloni, yaani madoa ya bakteria yaliyoota kwenye sahani: kitanzi changu cha kuchotea mkojo kinachota mikrolita 1, kwa hiyo makoloni 100 kwenye sahani maana yake ni bakteria 100,000 kwa kila mililita, kiwango ambacho kwa kawaida tunakihesabu kuwa maambukizi. Bakteria wachache wa ngozini waliozaliana njiani wanaweza kufika hapo, ukapewa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Kwa hiyo, ukitoka Kagunga au Uvinza, usibebe kopo. Njoo utoe mkojo hapa hapa hospitali.

Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, pamoja na saa uliyokojoa. Lisiandikwe kwenye mfuniko. Mezani kwangu mifuniko hufunguliwa, na mfuniko ukitengana na kopo, jina limekwenda nao.

Wauguzi wenzangu, hasa mlioanza kazi karibuni, haya ni yenu. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, lakini mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe dawa: chukua damu upesi, dawa ifuate. Paka spiriti ya asilimia 70 kwenye ngozi na uiache ikauke yenyewe. Ukiipangusa au kuipuliza, umeirudisha pale ulipoanza. Usipapase tena mshipa baada ya kusafisha. Mtu mzima, mililita 8 hadi 10 kwa chupa, na ikiwezekana chupa mbili kutoka mikono miwili. Mdudu wa ngozini akiota kwenye chupa moja tu, nitashuku uchafu. Yule yule akiota kwenye zote mbili, nitampigia daktari simu. Chupa za damu haziingii friji. Maji ya uti wa mgongo ndiyo kabisa: bakteria wa homa ya uti wa mgongo wanakufa kwa baridi, kwa hiyo yaleteni mkononi, mara moja, hata usiku wa manane. Kidonda kisafishwe kwanza kwa maji ya chumvi, usaha uvutwe ndani kwa sindano inapowezekana. Na kipande cha nyama kutoka chumba cha upasuaji kisije kwangu ndani ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Fomalini huua kila kitu, sitakuwa na cha kuotesha.

Taifodi niiseme hapa, maana Kigoma homa nyingi hupewa jina hilo. Kipimo cha damu cha Widal, kinachotumika kuitafuta tangu mwaka 1896, hakimtafuti mdudu mwenyewe bali kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana naye, na kingamwili zinaweza kubaki kutoka maambukizi ya zamani au kuchochewa na ugonjwa mwingine. Homa ikiendelea na malaria imeshapimwa haipo, muulize daktari kuhusu kuotesha damu, hasa wiki ya kwanza.

Makohozi ya kifua kikuu: sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Mate hayatusaidii. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi na kuonyesha kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Choo cha mtu anayeharisha maji maji kije haraka, kabla ya dawa, na maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yasisubiri maabara. Sisi watu wa ziwa tunakikumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 pale Kagunga, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni. Bakteria wake anaota njano juu ya sahani ya kijani, na anayeiona anapiga simu papo hapo.

Karatasi ya majibu usiiogope. Juu kuna jina la bakteria, chini orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi. S maana yake bakteria anashindwa na dawa hiyo, R ni sugu, na I mwachie daktari. Herufi hizo natoa kwa rula: kila dawa imo kwenye kidonge cha karatasi cha milimita 6, nakipachika juu ya bakteria jioni, kesho yake napima duara tupu lililobaki kukizunguka. Dawa zinatofautiana. Duara la milimita 18 kwa ampisilini dhidi ya *E. coli* naliandika S, la ukubwa huo huo kwa siprofloksasini naliandika R. Kwa hiyo usichague S mwenyewe ukakimbilia dukani. Daktari anaangalia pia figo zako, ujauzito, umri, na kama dawa inafika pale mdudu alipo.

Ukiona "mchanganyiko wa aina tatu au zaidi", mara nyingi ni uchafu wa njiani, rudia kwa hatua nilizoeleza juu. Piga picha ya karatasi yako kwa simu. Maumivu yakirudi baada ya miezi, mwonyeshe daktari kabla hajaandika dawa, na umwombe kopo jipya siku hiyo hiyo.